Msaidizi wa Jaji Huchaguliwa Vipi? Somo kwa Vikundi Vyetu



Katika vikundi vya kujisaidia vya hapa Kamenu, na hata vya upande wa Ruiru, kazi za serikali zikitajwa kuna jibu moja linalotoka haraka kuliko yote: "Huko ni lazima ujuane na mtu." Kijana amesoma, wazazi wameuza ng'ombe, kikundi kimechanga karo, na mwishowe cheti kinakaa sandukuni kwa sababu sisi wenyewe tumeamua kwamba mlango umefungwa. Hata kubisha hatujabisha.

Toleo hili tumeona tulitazame jambo hilo mahali ambapo wengi wetu hatupaangalii, yaani katika ofisi ya jaji. Si jaji mwenyewe tunayemzungumzia, bali yule msaidizi wake anayeshinda na mafaili. Nani humchagua? Hutazamwa kitu gani? Na je, wanawake, watu wenye ulemavu na watu wa makabila madogo hufikiriwa? Tukishaelewa hayo tutaona kwamba somo lake laingia moja kwa moja katika kikundi chetu, siku tunapotafuta katibu, mweka hazina au mtu wa kutuandikia vitabu.

KARANI YUPI?

Kwanza tutenganishe watu wawili, maana majina yao huchanganya.

Ukienda mahakama ya Thika au ya Ruiru utakutana na karani pale ndani. Huyu ndiye anayeita kesi, anapanga mafaili, na mara nyingi ndiye anayetafsiri mtu akiongea Kikuyu, Kikamba au Kiswahili. Siku hizi cheo chake ni msaidizi wa mahakama. Kazi yake si ndogo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila kulipa ikiwa haelewi lugha inayotumika kwenye kesi. Pasipo mtu wa kuifikisha lugha yako, hata hakimu mwema hawezi kukusikia.

Karani wa pili hatumwoni. Yeye amesomea sheria, na mara nyingi bado ni kijana. Katika nchi kama Marekani huitwa karani wa jaji, na kwetu Kenya huitwa zaidi mtafiti wa sheria. Kazi zake ni kama hizi:

- Kusoma faili lote la kesi, pamoja na maneno ya mawakili wa pande zote mbili.
- Kutafuta hukumu za zamani zinazofanana na kesi hiyo.
- Kumwandikia jaji muhtasari: upande huu wadai hivi, upande ule wajibu hivi, na sheria yasema hivi.
- Kukagua rasimu ya hukumu, kama majina, tarehe na vifungu vimenukuliwa sawasawa.
- Kutunza siri. Anayoyaona ofisini mwa jaji hayapeleki sokoni wala nyumbani.

Neno la mwisho ni la jaji. Mtafiti hahukumu mtu. Lakini yeye ndiye anayemwekea jaji mezani yale ya kutazama kwanza, na hilo si jambo dogo.

YATUHUSU NINI?

Tuseme kuna mama mjane ana kesi ya shamba. Faili lake lina kurasa mia nne. Ndani mwake kuna hati, barua za chifu, risiti za zamani, na maneno ya mashemeji. Mtafiti aliyekulia mahali ambapo kila kitu huandikwa kwenye hati huenda akaanza na hati na kumalizia na hati. Mwingine, aliyeona kwao mama akilima shamba miaka ishirini na jina lake halipo popote, atatafuta pia zile risiti na wale mashahidi majirani. Wote wawili ni wasomi, na wote wawili ni waaminifu. Tofauti ni kwamba mmoja anajua kuna swali pale ambapo mwenzake halioni.

Hatusemi mtafiti Mkamba ampendelee Mkamba mwenzake, au mwanamke ampendelee mwanamke. La hasha. Hiyo ni kuharibu haki. Tunachosema ni kwamba ofisi iliyojaa watu wa kijiji kimoja, shule moja na jinsia moja, macho yake yote hutazama upande mmoja.

Kuna sababu ya pili. Kazi hii ni ngazi. Anayekaa karibu na jaji hujifunza kazi ya ujaji. Tutazame Marekani: mwaka 2022, Ketanji Brown Jackson alipoingia katika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, yeye akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa mahakama hiyo, majaji 6 kati ya 9 walikuwa wamewahi kuwa makarani wa majaji katika mahakama hiyo hiyo walipokuwa vijana. Basi ukifunga mlango wa karani leo, umefunga mlango wa jaji wa miaka thelathini ijayo.

MAREKANI: JAJI HUJICHAGULIA

Kwa kuwa Marekani ndiko desturi hii ina miaka mingi, tuanzie huko halafu turudi nyumbani.

Jaji Horace Gray alianza kuajiri kijana wa kumsaidia katika Mahakama ya Juu mwaka 1882, akimlipa kutoka mfukoni mwake. Mwaka 1886 Bunge la nchi hiyo lilikubali serikali ilipe. Tangu hapo desturi ikakua, hata leo jaji wa mahakama hiyo anaweza kuwa na makarani wanne kwa mwaka, na kwa kawaida kila mmoja hukaa mwaka mmoja tu kisha akawapisha wengine.

Jaji ndiye anayechagua mwenyewe. Hakuna kamati. Vijana huandika barua, walimu wao wa chuo kikuu huwasifu, jaji huwaita wachache akazungumza nao, kisha husema, "Namtaka huyu." Kuna hekima yake ndani ya hilo. Kazi ni ya siri na ya karibu sana, na jaji yafaa amwamini msaidizi wake. Lakini tazameni yaliyotokea.

Kwa miaka zaidi ya sitini hakuna mwanamke aliyechaguliwa. Wa kwanza alikuwa Lucile Lomen, mwaka 1944, aliyechukuliwa na Jaji William O. Douglas. Mtu mweusi wa kwanza alikuwa William T. Coleman, mwaka 1948, aliyechukuliwa na Jaji Felix Frankfurter. Coleman alikuwa amemaliza wa kwanza darasani katika chuo cha sheria cha Harvard. Baadaye alisaidia katika kesi kubwa ya mwaka 1954 iliyokataza kuwatenga watoto weusi na weupe mashuleni. Kwa hivyo twaweza kumpa Jaji Frankfurter heshima yake, maana alifungua mlango ambao wenzake hawakuwa wameufungua.

Lakini ngojeni. Mwaka 1960 jaji huyo huyo Frankfurter alipelekewa jina la msichana mmoja aliyesifiwa sana na mwalimu wake. Alikuwa ameongoza darasa pamoja na mwenzake katika chuo cha sheria cha Columbia. Jaji akakataa, kwa sababu alikuwa mwanamke. Jina lake Ruth Bader Ginsburg. Mwaka 1993 msichana huyo aliingia katika mahakama ile ile kwa mlango wa mbele, akiwa jaji, akakaa humo mpaka alipofariki mwaka 2020.

Hapa ndipo kiini cha habari yetu. Mtu mmoja, moyo mmoja, mwaka 1948 alifungua mlango, na mwaka 1960 akafunga mwingine. Huenda hakujiona mbaya hata kidogo. Ndiyo maana kumtegemea mkubwa awe na moyo mwema hakutoshi. Moyo mwema huona upande mmoja ukasahau mwingine. Kinachotakiwa ni utaratibu ambao hautegemei siku hiyo mkubwa ameamkaje.

Mwaka 1998 gazeti moja la Marekani lilihesabu makarani wote 394 waliokuwa wameajiriwa na majaji tisa wa wakati huo. Weusi hawakufika hata 2 katika kila 100. Wanawake walikuwa kama robo tu. Watu waliandamana mbele ya mahakama, na wengine wakakamatwa. Jaji Mkuu William Rehnquist alijibu kwamba wao huchagua waliofaulu sana masomoni na ambao tayari wamefanya ukarani katika mahakama za chini, na kwamba kundi hilo likibadilika, hata makarani wao watabadilika.

Jibu hilo lina ukweli nusu. Ni kweli, huwezi kuchota kisimani maji ambayo hayamo. Lakini maji huingia kisimani kwa mfereji, na mfereji una mwenyewe aliyeuchimba. Ukipokea majina kutoka kwa walimu watatu wa vyuo viwili, usishangae ukipata watu wa namna moja.

KENYA: TUME NDIYO HUAJIRI

Sasa turudi kwetu. Sisi pia tulikuwa na kisima chetu kilichokauka. Wakati wa ukoloni Mwafrika kusoma sheria ilikuwa shida kubwa. Argwings-Kodhek, aliyekuwa wakili Mwafrika wa kwanza Kenya, alianza kazi hiyo miaka ya 1950 tu. Chuo kikuu cha kwanza kufundisha sheria Afrika Mashariki kilikuwa Dar es Salaam, mwaka 1961, na Wakenya wengi walipanda basi kwenda huko, akiwamo Willy Mutunga aliyekuja kuwa Jaji Mkuu mwaka 2011. Nairobi ilianza kufundisha sheria mwaka 1970. Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika, Kitili Mwendwa, aliwekwa mwaka 1968. Mwanamke wa kwanza kuwa hakimu na kisha jaji alikuwa Effie Owuor. Na mwanamke wa kwanza kuwa Jaji Mkuu, Martha Koome, aliapishwa mwaka 2021. Hesabuni wenyewe miaka iliyopita kati ya 1968 na 2021.

Katiba ya mwaka 2010 ilileta Mahakama ya Juu yenye majaji saba, na baada yake Idara ya Mahakama ikaanza kuajiri watafiti wa sheria wa kuwasaidia majaji. Lakini sisi hatukufuata njia ya Marekani. Kwetu, jaji hasemi tu, "Namtaka huyu." Wafanyakazi wa mahakama, kuanzia wasajili na mahakimu hadi watumishi wengine, huajiriwa chini ya mamlaka ya Tume ya Huduma za Mahakama, ile tunayoijua kwa jina la JSC. Hayo yamo katika kifungu cha 172.

Tume hiyo ina watu 11: Jaji Mkuu ndiye mwenyekiti, halafu jaji mmoja wa Mahakama ya Juu, mmoja wa Rufani, jaji mmoja wa Mahakama Kuu na hakimu mmoja (kati ya hao wawili mmoja awe mwanamke na mwingine mwanamume), Mwanasheria Mkuu, mawakili wawili, mwanamke na mwanamume, waliochaguliwa na wenzao, mtu mmoja kutoka Tume ya Utumishi wa Umma, na wawili wa kuwawakilisha wananchi wa kawaida, mwanamke na mwanamume. Mnaona kwamba hata waajiri wenyewe wamechanganywa.

Na kifungu hicho kinaiambia Tume iongozwe na mambo mawili. La kwanza, watu washindanie kazi, na mambo yafanywe wazi. La pili, usawa wa wanaume na wanawake uendelezwe. Yote mawili yameandikwa pamoja. Katiba haikusema chagueni moja.

SHERIA YASEMA NINI JUU YA SURA YA KENYA

Wengi wetu tumesikia maneno "sura ya Kenya", lakini tukiulizwa ni sheria gani, tunanyamaza. Haya basi, ziandikeni:

1. Kifungu cha 27 cha Katiba: katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, jinsia moja isizidi theluthi mbili.

2. Kifungu cha 54: hatua kwa hatua, angalau 5 katika kila 100 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa ziwe za watu wenye ulemavu.

3. Kifungu cha 232: katika utumishi wa umma watu waajiriwe kwa uwezo na kwa kushindana kwa haki, lakini pia jamii mbalimbali za Kenya ziwakilishwe, na wanaume, wanawake, makabila yote na watu wenye ulemavu wapate nafasi sawa.

4. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, sehemu ya 7: hakuna ofisi ya umma ambayo zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake watatoka kabila moja.

5. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012: katika nafasi za kuanzia kazi, angalau 30 katika kila 100 ziende kwa watu wasio wa kabila kubwa la kaunti hiyo. Hii yatuhusu sana sisi wa Kiambu, kwa vile Thika ni mji wa viwanda na mashamba uliojengwa na watu kutoka kila upande.

Kuandika ni kitu kimoja, kutimiza ni kingine. Mwaka 2011 majaji wa kwanza wa Mahakama ya Juu walipochaguliwa, wanaume walikuwa 5 na wanawake 2. Theluthi mbili ya 7 ni 4 na kitu, kwa hivyo wanaume hawangefaa kuzidi 4. Mawakili wanawake wa FIDA wakaenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwakatalia mwaka huo huo. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu yenyewe, ikiulizwa kuhusu Bunge, ikasema kanuni hiyo itatimizwa hatua kwa hatua, na Bunge lipitishe sheria kufikia Agosti 2015. Tarehe ikapita bure. Mwaka 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais avunje Bunge kwa kutotii. Halikuvunjwa.

Lakini mwaka 2021, Jaji Mkuu Koome na Jaji William Ouko walipoingia Mahakama ya Juu, wanawake wakawa 3 na wanaume 4. Hesabu ikakubali, miaka kumi baada ya kesi iliyoshindwa. Tusikate tamaa haraka.

JE, SI TUTAPATA WASIOFAA?

Hili ni swali tunaloulizwa karibu kila mkutano, na ni swali la haki. "Mkisema lazima kabila hili na jinsia ile, si tutaacha aliyefaulu tukachukua aliyeshindwa?"

Jibu la kwanza ni Ginsburg. Aliyekataliwa mwaka 1960 hakuwa ameshindwa. Alikuwa wa juu kabisa. Ubaguzi ndio uliomwacha aliye bora. Kwa hivyo kufungua mlango kwa wote si kuteremsha kipimo, bali ni kukitumia kipimo kwa watu wote badala ya nusu yao.

Jibu la pili: kipimo chenyewe yafaa kikaguliwe. Mkitafuta mtafiti wa sheria, mnapima kusoma kwa makini, kuandika kwa ufupi, uaminifu na siri. Je, jina la shule lapima hayo? Je, namna mtu anavyoongea Kiingereza lapima hayo? Kipofu anayesoma kwa kompyuta inayotamka maneno anaweza kuwa mtafiti hodari kuliko mwenye macho. Mara nyingi anachokosa si uwezo ila ni mtu wa kumwita kwenye mahojiano.

Jibu la tatu: kumweka mtu ili aonekane tu si kuchanganya. Kamati ikimweka mama mmoja ili atengeneze chai ya mkutano, au mlemavu mmoja ili apigwe picha na wageni, hapo hakuna kilichobadilika. Aliyeajiriwa apewe kazi kamili, na apimwe kwa kazi hiyo.

Hata wa zamani walilijua jambo hili. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, wajane wa lugha ya Kiyunani walilalamika kwamba wanasahauliwa chakula kikigawanywa. Mitume hawakuwaambia wavumilie. Waliweka sifa za watu wanaotakiwa, wakaacha kusanyiko zima lichague, na majina saba yaliyochaguliwa yote ni ya Kiyunani. Sifa na sura ya jamii vilikwenda pamoja.

KWA KIJANA ANAYETAFUTA KAZI

Nafasi za mahakama hutangazwa magazetini na kwenye tovuti ya Tume. Si za wanasheria pekee. Kuna za wasaidizi wa mahakama, watunza mafaili, madereva na nyinginezo. Soma tangazo lenyewe mpaka mwisho, na ujaze kila kilichoulizwa, kwa sababu wengi huanguka kwa kukosa karatasi moja.

Kutuma maombi hakuna malipo. Anayekuambia utoe "kitu kidogo" ili jina lako lipite ni mwizi, hata kama amevaa tai. Mkataeni, na mpeleke habari kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, au kwa ofisi ya malalamishi ya Idara ya Mahakama. Kikundi kisichange pesa za namna hiyo kamwe. Afadhali zile pesa zimlipie kijana nauli ya mahojiano na nakala za vyeti.

Tena mnaweza kuuliza. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 vinampa kila raia ruhusa ya kuandikia ofisi ya umma na kuuliza: mwaka huu mmeajiri watu wangapi, wanawake wangapi, wenye ulemavu wangapi? Ofisi inatakiwa kujibu kwa siku 21. Barua moja yenye sahihi ya mwanachama, yenye heshima na swali lililo wazi, yatosha kuanza.

KWA KIKUNDI KINACHOTAFUTA KARANI

Sasa tujitazame. Ni vikundi vingapi vyetu ambavyo mwenyekiti, katibu na mweka hazina wametoka nyumba mbili? Ni rahisi kuwanyooshea kidole wa Nairobi. Tunapendekeza njia hii:

Kwanza, andikeni kazi kabla ya kutaja jina. "Ataandika risiti, atapeleka pesa benki kila Jumatatu, atasoma hesabu kwenye mkutano." Jina likitajwa kwanza, kazi hushonwa imfae mwenye jina.

Pili, tangazeni mbali. Kanisani, msikitini, sokoni, kwenye kituo cha matatu, na kwa Kiswahili. Toeni wiki mbili. Mkutano ukiwa usiku, akina mama wenye watoto hawatafika. Ukiwa ghorofani pasipo na lifti, mwenye kiti cha magurudumu mmemkataa kabla hamjamwona.

Tatu, wa kuhoji wawe watatu au zaidi, wanaume kwa wanawake. Mwenye ndugu kati ya waombaji atoke nje, asipige alama.

Nne, maswali yawe yale yale kwa kila mmoja, na jaribio liwe la kazi yenyewe. Wapeni wote risiti kumi zile zile waziingize kitabuni. Daftari halijui kabila la mtu.

Tano, andikeni alama kwanza, kisha tazameni sura ya kamati yenu yote. Wawili wakikaribiana, na kamati tayari ina watu wengi wa upande mmoja, mpeni yule wa upande uliokosekana. Semeni hivyo waziwazi na mwandike katika kumbukumbu za mkutano. Kwa hesabu ya theluthi mbili, kamati ya watu 5 isiwe na zaidi ya 3 wa jinsia moja, ya 7 isizidi 4, na ya 9 isizidi 6.

Sita, aliyekosa aambiwe kwa nini. Akijua alikosa kwa hesabu, atajifunza hesabu. Asipoambiwa atadhani ni kabila, na hapo chuki imepandwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA MKUTANO

1. Katika kikundi chetu, ni nani hajawahi kushika cheo chochote, na ni kwa nini?
2. Mara ya mwisho tulipochagua mtu wa kazi, tulitangaza wapi, na kwa lugha gani?
3. Tukiacha mtu mmoja achague msaidizi wake mwenyewe, tunapata faida gani na hasara gani?
4. Kuna kijana gani kati yetu mwenye cheti kinachokaa sandukuni, na tutamsaidia vipi kutuma maombi kabla ya mwezi kwisha?

Swali hilo la nne msilipitie haraka. Lipeni jina la mtu, tarehe, na mwanachama wa kufuatilia. Mkutano ujao aulizwe limefika wapi.